Nyuma ya Pongo Kuna Nini

Huku kwetu Kibimba, mtu aliyetaka kununua bunduki alipita kwanza kwa Muhigi kabla ya kupita polisi. Muhigi kwa Kihangaza ni mwindaji tu, na wawindaji hapa walikuwa wengi, lakini ukilitaja neno hilo bila kuongeza kitu, kila mtu alijua unamsema yule mzee mrefu wa bondeni, mwenye koti la kijani lililochakaa viwiko na rozari mfukoni. Jina lake la ubatizo lilisomwa kanisani siku za michango. Sisi wengine hatukulitumia, na hapa pia sitalitumia.

Nilikuwa nesi wa zahanati na jirani yake, shamba langu la maharage likipakana na kijito ambako pongo walijificha mchana. Pongo ni mnyama mzuri, wa rangi ya kahawia, ana madoa meupe ubavuni na macho ya unyenyekevu. Ukimwona kwenye picha utamhurumia. Ukimkuta alfajiri katika maharage yako yaliyoanza kutoa maua, huruma inakwisha. Mume wangu ni dereva wa malori, nyumbani huja kama mgeni, na mbwa wetu alikuwa mwoga kuliko kuku. Ndiyo maana mimi, mwanamke, nilikwenda kwa Muhigi kumuuliza bunduki gani inanifaa.

Wengi walidhani angenicheka. Hakunicheka, alinivutia kigoda.

"Unataka kumpiga nani, Nesi?"

"Pongo, Mzee."

"Kumpiga, au kumfukuza?"

"Kumfukuza nimechoka."

"Utampiga ukiwa wapi, na yeye akiwa wapi?"

Nikamwonyesha: mimi mlangoni kwangu, pongo kule mwisho wa matuta.

"Na nyuma ya pongo kuna nini?"

"Kuna miti."

"Nyuma ya miti?"

"Kilima."

"Nyuma ya kilima?"

"Sasa hapo mimi nitajuaje, Mzee?"

"Basi huna haja ya bunduki bado," alisema. "Una haja ya kupanda kilima."

Nilikasirika, lakini nilipanda. Nyuma ya kilima nilikuta njia ya wanawake wanaokwenda kuchota maji, na wawili kati yao walikuwa wagonjwa wangu. Niliporudi kumweleza alinimiminia uji wa mtama tu, akaanza kuzungumzia mvua.

Tangu siku ile nilimwuliza swali lile lile kila msimu wa maharage, naye kila msimu alinijibu kwa swali. Kati ya maswali hayo alinifundisha mambo ambayo nesi hana kazi nayo. Gobore, alisema, ni bunduki ya mtu mwenye miguu mizuri, kwa sababu utamjeruhi mnyama kisha umfuate siku nzima. Shotigani hutawanya vipande vyake kama mtu anayerusha mbegu, na pongo si kware. Ile raifo ndogo ya risasi nyembamba ni ya kumtia mnyama hasira. Bunduki kubwa ya nyati, ukiileta kwa pongo, unafungua kopo la maziwa kwa shoka. Pongo anataka raifo ya kati, na yeye alikuwa nayo. Aliachiwa kihalali na bwana mmoja wa uwindaji aliyemtumikia kwa miaka katika mapori ya upande wa Biharamulo, zamani hizo kabla mapori yale hayajawa hifadhi, mahali ambapo leo huwezi kuingia hata na panga. Bunduki hiyo ilikuwa na namba zake za Kizungu. Yeye aliiita Satisiksi, kama mtu anavyomwita ng'ombe wake.

Lakini bunduki, kwake, ilikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa risasi. Alikuwa na za aina mbili na alinipa nizishike, moja mkono huu, moja mkono ule, nikiwa nimefumba macho. Moja pua yake ilikuwa laini, imechongoka kwa madini ya risasi tupu. Nyingine pua yake ilikuwa imefunikwa chuma kigumu hadi nchani.

"Pua laini ikiingia inafunguka, inakaa humo humo," alisema. "Inamaliza kazi yake kwa huyo mmoja. Pua ngumu ni ya mnyama mwenye mifupa, nyati na wenzake. Ukimpiga nayo pongo inapita, Nesi. Inamwacha pale inaendelea na safari. Inamtafuta mwingine."

Alizitambua kwa kidole gumba, mkono ukiwa mfukoni, huku anazungumza nawe habari za kahawa. Nilimjaribu mara nyingi. Hakukosea.

Bunduki yenyewe sikuwahi kuigusa. Hapo alikuwa mtu wa zamani kabisa: mwanamke haigusi silaha ya mwindaji wala hairuki, shabaha itakimbia. Mtu aliyeweza kunieleza mambo ya baruti kama ananieleza mapishi, akanikataza kushika kipande cha mti na chuma.

"Mimi nalenga kila siku, Mzee," nilimwambia. "Nachoma sindano na sikosei."

"Wako hakimbii."

"Hujawaona watoto siku ya chanjo."

Alicheka mpaka akashika goti. Bunduki hakunipa. Aliishika yeye, mimi nikatazama, akanionyesha jambo la kwanza ambalo kila mtu lazima ajue: ukikabidhiwa bunduki, hata na askofu, hata na mama yako aliyekuzaa, vuta kile chuma cha ubavuni nyuma uone tumbo lake. Usimwamini anayekwambia haina kitu. "Anayesema haina kitu hasemi uongo," alisema. "Anasema anachokumbuka."

Alikuwa na utaratibu wake. Nyumbani bunduki ilikaa tupu. Alipotoka nayo, alitembea hadi mgomba wa mwisho wa shamba lake, pale njia inapogawanyika kwenda kijitoni, na hapo alitia risasi moja. Moja tu. Ya pili, alisema, ni ya mtu ambaye hakufikiri kabla ya ya kwanza. Akirudi aliitoa pale pale, kwenye mgomba ule ule. Nilimwangalia mara nyingi nikiwa shambani kwangu: hakusimama wala hakutazama chini. Mkono uliingia mfuko wa shati, ukatoka, chuma kikalia, mzee akaendelea na safari. Mkono ulifanya kazi ile peke yake, kama wewe unavyofunga kifungo cha shati huku unawaza mengine.

Nisije nikaonekana namtengenezea sanamu. Alikuwa mtu mgumu. Aligombana na katekista kwa sababu ya mbwa, na kwa miaka alikaa kiti cha nyuma kabisa kanisani ili asimpe mkono wa amani. Alikuwa na majivuno. Aliamini kwamba mbalamwezi hupandisha risasi juu, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Na kicheko chake kwa makosa ya wenzake kilikuwa cha kuumiza. Fundi matofali mmoja wa hapa alijaza gobore lake vipande vya mnyororo wa baiskeli, akamjeruhi pongo jioni, akaenda zake kwenye sherehe ya kipaimara. Muhigi alipopata habari alimfuata hadi sherehe ile, akamwondolea sahani ya wali mapajani mbele ya wageni.

"Aliyejeruhi hali," alisema. "Mnyama wako yuko majanini anakungoja."

Huo ulikuwa mwiko wa wawindaji wa zamani, vijana walikuwa wameusahau. Walitoka wawili, mmoja na nguo za sherehe, wakafuata damu hadi kwenye matete, na Muhigi akammaliza yule mnyama kwa risasi yake mwenyewe. Fundi alikula kesho yake. Kisa kile Muhigi alikisimulia kila mahali penye watu, akiigiza jinsi jamaa alivyoshika kijiko hewani. Watu walicheka, naye alicheka kuliko wote. Fundi matofali alihama kanisa, akawa anasali kigango cha pili.

Na kuna jambo ambalo wageni hawakulielewa. Muhigi hakula pongo. Ulikuwa muziro wa ukoo wao, mnyama wasiyemgusa kwa mdomo tangu kale. Nyama ikipikwa kwa jirani, alihamisha kiti chake moshi usimfikie. Alimpiga, aligawa nyama yote, akarudi nyumbani kula kisamvu. Paroko mgeni alimwuliza siku moja inawezekanaje mtu aue mwiko wake mwenyewe.

"Mwiko uko mdomoni, Padri," alijibu. "Haujafika begani."

Ulikuwa mzaha, lakini mimi naamini uangalifu wake wote ulitoka hapo. Hakuvutwa na njaa. Mtu mwenye njaa huona nyama tu. Yeye aliona mnyama, na majani, na kilima, na kilichoko nyuma ya kilima.

Sasa nifike mahali ambapo tangu mwanzo najikokota kufika. Ardhi yetu imejaa. Vijana walioa, mashamba ya baba yakagawanywa mpaka yakawa vipande vya kulaza mkeka, na watu wakaanza kupanda mteremko wa juu, ule ambao miaka yote ulikuwa kichaka na mawe. Walikata, walichoma, wakapanda migomba na maharage. Bati moja likaonekana, likaja la pili. Kila mtu alijua. Muhigi alijua pia, aliwahi kuniambia mwenyewe kwamba upande ule sasa umekufa kwa bunduki.

Asubuhi moja nilikuwa uani kwake nasafisha kidonda cha mguu wake. Jana yake alikuwa amepiga pongo kijitoni na nyama ilishagawanywa, hata mimi nilikuwa nimepata. Akaingia Mama Editha, mmoja wa wale waliohamia mteremko wa juu. Mgongoni alibeba mtoto. Kichwani alibeba kipande cha mgomba, urefu wa mkono, kimekatwa juu na chini kwa panga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikishusha kile kipande, akakiweka mbele ya kigoda chake taratibu, kama mtu anayeleta zawadi.

"Nimekuletea mgomba wangu," alisema. "Uliupiga jana. Mimi nilikuwa nalima hapa," akaonyesha kwa kidevu upande wa kulia wa kile kipande, karibu kabisa, "na huyu alikuwa mgongoni. Maji ya mgomba yaliturukia usoni. Nilidhani ni damu yake."

Nilisimama na bendeji mkononi. Muhigi hakusema pole, na kwa hilo Mama Editha alichelewa sana kumsamehe. Alishuka kwenye kigoda, akapiga magoti, akaingiza kidole gumba katika tundu la mgomba. Liliingia hapa likatokea kule, safi, bila kuchanika.

"Hii ni pua ngumu," alisema. Akaniangalia mimi. "Nani aliiweka?"

Mama Editha akasonya, akidhani mzee anamfanyia dhihaka. Mimi nilikuwa namtazama usoni na sikuona dhihaka yoyote. Mkewe alikuwa amekufa, binti yake ameolewa Nyamigogo huko Biharamulo, na hakuna mkono mwingine uliokuwa unagusa bunduki ile. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Kijiji kilikaa kikao, na kikao kikasema ni macho. Mzee hakuona bati, hakuona watu. Muhigi alilishika neno hilo kwa mikono miwili, ndiyo, ni macho, na kweli macho yalikuwa na mtoto wa jicho. Tulimpeleka hospitali wakamtoa ule ukungu. Alirudi akitamba kwamba anaona kupe kwenye mbuzi wa ng'ambo ya bonde. Watu wakapumua. Fundi matofali mwenyewe alikuja kumpongeza, na sijui alikuja kwa moyo gani.

Mimi sikupumua. Jicho halitambui pua ya risasi, ni kidole gumba, na kidole gumba kilikuwa kizima. Mambo madogo nilikuwa nayaona kwa muda na kuyapita: ananisalimu, tunakaa, baada ya kitambo ananisalimu tena kana kwamba ndiyo nimefika. Kidonda nilichokifunga asubuhi, mchana ananiita nije nikifunge. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini huyu hakuwa anaficha. Hakuwa anajua. Nilichoogopa ni kitu kimoja tu, nacho kilininyima usingizi: kwamba siku moja atampiga mtu, na yeye ndiye atakuwa wa kwanza kuuliza nani aliweka risasi.

Nilimpigia simu binti yake.

"Nesi," alisema, "ukimnyang'anya baba bunduki unamzika."

"Na asiponyang'anywa atamzika mwingine."

Nikasikia watoto wake wakigombea kitu huko nyuma. Akasema nifanye ninavyoona, halafu akasema nisifanye kitu mpaka aje. Kibali cha mzee kilikuwa halali. Hata ningeenda polisi, ningesema amefanya nini? Ameua mgomba.

Nilijaribu kwa njia ya upole. Nilimwambia kwa kuwa watu wameongezeka, heshima yake iko palepale akibeba bunduki tupu, pongo na nyani wanaifahamu sura yake hata bila mlio. Alikubali kwa urahisi ulionitia wasiwasi. Alifungia risasi zote kwenye sanduku la bati, akanipa funguo mimi. Jirani walisema Nesi ametumia akili. Muhigi aliendelea kutembea na Satisiksi yake begani hadi kijitoni na kurudi, na nyani kweli walikimbia. Miezi ilipita, mimi mwenyewe nikaanza kulala.

Ilikuwa mchana, wakati wanafunzi wanateremka kutoka shule kwa njia ya kijitoni. Nilikuwa napalilia. Nilimwona Muhigi akishuka kupitia migomba yake, koti la kijani, bunduki begani, na sauti za watoto zikija kutoka juu. Alipofika mgomba wa mwisho nilisikia chuma kikilia.

Sikukimbia, maana mtu mwenye bunduki hakimbiliwi. Nilitembea, jembe mkononi, nikamsalimia. Akaitikia. Nikamwuliza kama Satisiksi ina kitu.

"Haina kitu. Si una funguo wewe?"

"Ninazo, Mzee. Nimesikia chuma."

"Umesikia panzi."

Watoto wa kwanza walikuwa wameshatokeza kwenye kona, wakiimba wimbo wao wa shule. Nikamwuliza tena. Nikaona uso wake ukibadilika, ukawa ule uso aliomwendea nao fundi matofali siku ya kipaimara.

"Unaniita mwongo kwenye shamba langu? Shika. Shika uone mwenyewe."

Akaniwekea bunduki mikononi. Miaka yote ile nimekaa naye, ndiyo mara ya kwanza niliigusa. Ilikuwa nzito kuliko nilivyowaza, na pale aliposhika palikuwa na joto. Nikaelekeza mtutu chini, kwenye mzizi wa mgomba, nikavuta kile chuma nyuma kama alivyonionyesha. Risasi iliruka, ikaanguka kwenye majani makavu ya migomba.

Watoto walitupita. "Shikamoo, Babu. Shikamoo, Nesi." Tukaitikia wote wawili, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Kisha akainama akaiokota. Hakuitazama. Aliisugua pua kwa kidole gumba.

"Pua ngumu," alisema. "Nani..."

Aliangalia mfuko wa shati lake, ule wa rozari, ambao siku ya sanduku la bati hakuna aliyeukumbuka, na sasa haukuwa umefungwa kifungo. Akautazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma, kama anavyoutazama mtu aliyechomwa na mwiba na hauoni.

"Ni huu," alisema.

Tulikaa chini pale pale. Nililia, na sioni aibu kusema. Yeye hakulia. Alikuwa anafikiri upesi, kama mtu anayewahi kupita mto kabla maji hayajapanda.

"Chukua leo," akasema. "Mpigie binti yangu aje, muipeleke polisi, ikae huko. Usingoje kesho. Kesho mkono huu utakuwa haukumbuki kwamba tumekubaliana."

"Nitakukumbusha, Mzee."

"Hutaweza. Nitakuita mwizi." Alinitazama na yale macho yake mapya, meupe na safi. "Nakujua na najijua. Nitakuita mwizi mbele za watu. Utakubali kuitwa mwizi?"

Nikasema nitakubali. Mtu akiwa analia husema ndiyo upesi.

Binti yake alikuja siku ile ile kwa pikipiki kutoka Nyamigogo, amejaa vumbi hadi kope. Tuliipeleka, askari akaipokea, na jioni mzee alitupikia chai mwenyewe akiwa mtulivu kabisa. Asubuhi yake alikuja zahanati. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, benchi limejaa akina mama. Alisimama mlangoni.

"Huyu mama ni mwizi," alisema. "Ameniibia bunduki. Mwangalieni vizuri, ndiye huyu."

Wengine walicheka, wengine wakavuta vikapu vyao karibu. Nilikuwa nimeshika mzani.

"Ndiyo, Mzee," nikasema. "Nimeiba."

Hakutegemea jibu hilo. Akageuka akaondoka. Mama Editha alikuwa kwenye benchi na yule mtoto wake, siku hizo tayari anatembea. Alikuja akamweka kwenye mzani, akasema polepole nisikie mimi tu, "Nesi, endelea kuiba."

Mzaha ule haujaisha hadi leo, na si wote wanaouona kuwa mzaha. Mji mdogo una masikio makubwa. Kuna watu wa Ntobeye wasionijua vizuri waliosikia kwamba nesi wa huku humwibia mzee asiye na mke, na kuna mama mmoja alimwondoa mwanawe kwangu akampeleka zahanati ya mbali. Inaniuma, siwezi kusema hainiumi. Binti yake alirudi kukaa naye. Maharage yangu pongo wanayala wanavyotaka.

Jumapili iliyopita nilitoka misa ya kwanza nikamkuta amesimama peke yake kando ya mtaro, ule mtaro wa barabara uliochimbwa ukaachwa wazi. Amekonda. Koti la kijani limekuwa kubwa. Katekista alikuwa hatua chache nyuma yake, na nimesikia kwamba siku hizi hupeana mikono, maana Muhigi amemsahau yule mbwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwizi."

Waliokuwa karibu walicheka kidogo, wakaacha.

"Umeshapiga nini nayo?" aliniuliza.

"Bado, Mzee."

"Umeitia risasi gani?"

"Pua laini."

Alitikisa kichwa kuonyesha kwamba nimejibu vizuri. Kisha akainua fimbo yake, akaielekeza ng'ambo ya bonde, kwenye mteremko wa juu, ambako mabati sasa yamejaa na moshi wa asubuhi ulikuwa unapanda kutoka kila jiko.

"Pongo amesimama pale," alisema. "Nyuma yake kuna nini?"

"Kuna watu, Mzee."

"Na upande huu?"

"Kuna watu."

"Na huku?"

"Huku pia. Pande zote kuna watu."

Aliishusha fimbo.

"Basi usipige," alisema.

Kisha akanipa ule mkono wake wa kulia nimvushe mtaro.